Kozi mseto: nilifeli uniti mbili bila kukosa darasa hata moja. Wanaoanza Septemba someni hapa

#1 MamaWaUmoja
Jumapili, saa 2:40 usiku

Habari zenu wote. Uzi huu nawaandikia wanaoingia chuo Septemba, hasa waliopata barua inayosema kozi ni mseto, yaani siku chache darasani na zilizobaki mtandaoni. Barua kama hiyo niliipokea mwaka jana nikiwa na miaka 34, miaka 15 tangu nimalize kidato cha nne. Natunza stoo katika ghala moja Industrial Area, Nairobi, naishi Umoja, nina watoto wawili. Nasomea stashahada ya ununuzi na ugavi. Darasani tunaingia Jumamosi mbili kwa mwezi katikati ya jiji, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Mengine yote yako kwenye jukwaa la chuo.

Muhula wa kwanza nilichukua uniti tano, yaani masomo matano, nikafeli mbili. Jumamosi hizo sikukosa hata moja. Nilikuwa nafika kabla ya mlango kufunguliwa, nakaa mbele, naandika kila neno. Matokeo yalipotoka nililia ndani ya matatu kutoka Jogoo Road hadi nyumbani, kwa sababu kwa kweli nilijiona nimesoma.

Mume wangu ndiye aliyeniambia nichukue kalamu nipige hesabu kama ninavyopiga za stoo. Kwetu uniti moja imepangiwa saa 45. Uniti tano ni saa 225. Muhula una wiki 14, kwa hiyo Jumamosi za darasani ni saba, na kila moja ukitoa chakula cha mchana inabaki na saa 7. Saba mara saba, 49. Nikatoa 49 kwenye 225, nikabaki na 176. Saa 176 za kozi yangu zilikuwa mtandaoni, na mimi nilikuwa nazichukulia kama nyongeza ya Jumamosi! Ukizigawanya kwa wiki 14 unapata saa 12 na nusu kila wiki. Mimi nilikuwa natoa labda tatu, tena usiku, watoto wakishalala, macho yakiwa mazito.

Hilo ndilo ninalotaka mtu alichukue hapa hata akiacha mengine. Jumamosi ina mlango, ina kiti, ina mhadhiri anayekuona ukichelewa. Sehemu ya mtandaoni haina chochote cha kukuita, kwa hiyo kila kitu kingine cha maisha kinaipita. Mtoto akiugua, inasukumwa. Bosi akitaka ubaki kuhesabu mali, inasukumwa. Na hakuna atakayekuambia kitu hadi siku ya matokeo.

Muhula wa pili niliitafutia mlango na kiti. Jumatatu hadi Ijumaa naamka saa 10 alfajiri na kusoma hadi saa 11 na nusu, mezani jikoni, simu ya kupiga ikiwa chumba kingine. Hizo ni saa 7 na nusu. Jumapili jioni nasoma kwa muda wa saa mbili. Jumamosi ambazo hakuna darasa naenda maktaba ya taifa, tawi la Buruburu, kwa saa sita, ambazo ukizigawanya kwa wiki mbili ni tatu kila wiki. Jumla 12 na nusu. Mume wangu alikubali kuwaandaa watoto kwenda shule siku hizo tano. Bila hilo ningekuwa nawadanganya hapa, kwa hiyo mwenye familia azungumze nayo kabla ya kulipa karo.

Jambo la pili ni saa za mwisho za kutuma kazi. Moja ya uniti nilizofeli iliponyoka hapa. Asaimenti yenye alama 15 iliandikwa mwisho ni Jumapili, 00:00. Mimi nikasoma Jumapili usiku. Nikaenda kanisani, nikapika, nikafua, jioni nikakaa kuimalizia. Nilipofungua jukwaa nikakuta limefungwa tangu usiku wa Jumamosi. Jumapili 00:00 ni dakika ambayo Jumapili inaanza, ule usiku tunaouita usiku wa kuamkia Jumapili. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili, saa 6 usiku iko katikati ya usiku, haiko mwanzo wa siku, na nadhani ndiyo sababu wengi tunateleza. Siku hizi kila tarehe ya jukwaa naiandika upya kwenye kalenda ya ukutani kwa maneno yetu: "Jumamosi saa 6 usiku". Halafu najiwekea mwisho wangu, Alhamisi.

Jambo la tatu nililichelewa sana. Video za mihadhara nilikuwa naziangalia kama taarifa ya habari. Zinapita, natikisa kichwa, naona nimeelewa. Sasa nikimaliza dakika kumi nasimamisha, nafunga daftari, naandika kwa kumbukumbu nilichosikia. Mara ya kwanza niliandika mistari miwili. Ilinitisha, lakini angalau nilijua hapohapo kwamba sijashika, na sikusubiri mtihani uniambie.

Uniti zote tano za muhula wa pili nimepita, na zile mbili nimezirudia kwa suplimentari, nazo nimepita. Ulizeni chochote.

#2 WaRongai
Jumapili, saa 3:05 usiku

Asante sana mama. Mimi naanza Septemba na sina kompyuta, nina simu tu. Hesabu yako ya saa 176 imenitia hofu. Inawezekana kwa simu? Na bando je?

#3 MamaWaUmoja
Jumapili, saa 3:31 usiku

Inawezekana mwanangu, muhula wa kwanza wote nilikuwa na simu tu. Kama jukwaa la chuo chako ni Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, kuna programu yake ya simu ambayo inakuruhusu kupakua noti na mafaili na kuyafungua bila intaneti. Mimi kila Jumamosi ya darasani nafika mapema, naunganisha waifai ya chuo na kupakua kila kitu cha wiki mbili zinazofuata. Nikifika nyumbani bando linabaki la kutuma kazi na darasa la moja kwa moja tu. Kwenye darasa hilo zima video yako, na kama mhadhiri anasoma tu kutoka kwenye slaidi ulizokwisha kupakua, zima hata ya kwake ubaki na sauti. Bando linakwenda mbali sana.

Ambalo simu haiwezi vizuri ni kuandika kazi ndefu. Nilikuwa naandika rasimu kwa mkono, naichapa kwenye simu kidogokidogo, halafu siku mbili kabla ya mwisho naenda saiba kuweka kurasa, majedwali na kichwa sawasawa. Siku mbili kabla. Usiende saiba siku ya mwisho, kwa sababu siku hiyo mashine imejaa na stima inaweza kupotea.

#4 MhadhiriWaThikaRoad
Jumapili, saa 4:10 usiku

Dada, umeandika kitu ambacho nimekuwa nikijaribu kuwaeleza wanafunzi kwa miaka kadhaa. Nafundisha kozi mseto tangu vyuo vilipofungwa Machi 2020 na sote tukahamia mtandaoni kwa wiki chache bila maandalizi. Naomba niongeze kutoka upande wa pili wa meza.

Hiyo 00:00 si ujanja wa mhadhiri. Unapotengeneza asaimenti kwenye Moodle, mfumo wenyewe huweka saa 00:00, na usipoibadilisha inabaki hivyo. Nimewahi kuwaumiza wanafunzi wangu bila kujua. Sasa naweka saa 5:59 usiku, 23:59 kama mfumo unavyoiandika, na kutaja siku kwa maneno. Ukiona 00:00, muulize mhadhiri wako mapema. Wengi tutabadilisha siku hiyohiyo.

Kuhusu kufunga daftari na kuandika kwa kumbukumbu, umegundua mwenyewe jambo lililopimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu mara mbili. La pili lilisoma mara moja, kisha likaandika linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma mara mbili walibaki na asilimia 42, waliojiandikia walikuwa na 56. Ziangalie tena hizo dakika tano, kwa sababu ndizo zinazowadanganya wanafunzi. Mtu anamaliza kusoma, anajiona anajua, na wakati ule ni kweli anajua. Mtihani uko wiki kadhaa mbele.

Na hesabu ya saa ina uzito kuliko unavyodhani. Wizara ya Elimu ya Marekani ilikusanya tafiti nyingi za kulinganisha masomo ya darasani na ya mtandaoni, na ripoti yake iliyotolewa upya mwaka 2010 ilionyesha kuwa wanaochanganya njia zote mbili walifanya vizuri zaidi kwa wastani kuliko wa darasani pekee. Lakini waandishi wenyewe walitahadharisha: katika tafiti nyingi, waliochanganya walipata pia muda zaidi wa kujifunza na vifaa zaidi. Kwa hiyo msitegemee mseto uwabebe wenyewe. Mwanafunzi anayetoa saa tatu kwa wiki ameondoa kitu ambacho huenda ndicho kinachoufanya ufanye kazi.

Ombi langu moja kwa wanaoanza: tuulizeni. Kwenye jukwaa naona ni nani amefungua somo na nani hajafungua, lakini aliyefungua akakwama simwoni. Usiniandikie "sijaelewa mada ya tatu." Niandikie: "Ukurasa wa 12 umesema gharama ya kuagiza hupungua kwa kila kipande ukiagiza nyingi, lakini mfano wa ukurasa wa 14 unaonyesha jumla imepanda. Napoteza wapi?" Swali kama hilo nalijibu kwa dakika mbili, na jibu lake linawasaidia wenzako thelathini.

#5 AskariWaZamu
Jumatatu, saa 1:20 asubuhi

Nimesoma nikiwa ndiyo natoka zamu. Kwa heshima dada, mpango wako ni wa mtu mwenye alfajiri moja inayofanana na nyingine. Mimi ni mlinzi. Wiki hii naingia saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi, wiki ijayo nageuzwa mchana, na wakati mwingine naambiwa usiku huohuo kwamba kesho kuna mabadiliko. Nasomea ustawi wa jamii. Kila ninayemuuliza ananiambia nitenge saa maalumu, na saa maalumu mimi sina. Nimeshajaribu ratiba nne, zote zimevunjika ndani ya siku kumi, na kila ikivunjika najiona mimi ndiye mbovu. Muhula huu nimebakisha kidogo tu niache.

#6 MamaWaUmoja
Jumatatu, saa 7:15 mchana

Kaka, nimesoma maneno yako mara mbili wakati wa chakula na naona umenisahihisha. Niliandika kama kwamba kila mtu ana alfajiri. Samahani.

Nimekaa nikiwaza, na hili nakupa kama wazo tu. Mimi kinachoniketisha kwa kweli si saa 10. Ni birika. Nikiweka chai ya alfajiri jikoni, mwili unajua kinachofuata ni daftari. Hata siku niliyolala nikaamka saa 11, nikiweka birika nakaa, japo nusu saa. Wewe una kitu kinachotokea kila siku ya kazi, zamu iwe ya usiku au mchana? Kuvua yunifomu, kwa mfano. Ukivua yunifomu, kabla ya kulala au kula, dakika 40 za daftari. Saa inaweza kuwa 1 asubuhi au 1 jioni, haijalishi, mradi vinafuatana. Na siku ya kupumzika ndiyo unaweka saa nyingi.

Halafu usihesabu kwa siku, hesabu kwa wiki mbili, kwa sababu zamu zako zinazunguka kwa wiki mbili. Wiki ya usiku ikikupa saa sita na ya mchana kumi, ni 16. Hiyo inaweza kuwa ndogo kwa uniti tano. Uliza ofisi ya chuo kama unaweza kuchukua tatu muhula huu. Vyuo vingine vinaruhusu. Kumaliza ukiwa umechelewa mwaka mmoja si aibu hata kidogo.

#7 MhadhiriWaThikaRoad
Jumatatu, saa 12:50 jioni

Naunga mkono hilo la kupunguza uniti. Ndugu Askari, mwandikie pia mhadhiri wa kila uniti sasa, kabla hujachelewesha kitu, umweleze zamu zako. Mwanafunzi aliyeniambia wiki ya pili kwamba anafanya kazi usiku, akikosa darasa la moja kwa moja najua sababu na namwelekeza kwenye rekodi. Anayeniambia wiki ya 13 nina shida kumsaidia hata nikitaka, kwa sababu alama zimeshafungwa.

Na rekodi iangalie ndani ya siku mbili. Zikirundikana nne, hakuna anayezirudia.

#8 MwakaWaTatu
Jumatatu, saa 2:30 usiku

Niseme la vikundi vya WhatsApp maana hakuna aliyeligusa. Darasa letu lina kikundi cha watu zaidi ya mia. Mwaka wa kwanza kilikuwa soko la majibu. Mmoja anafanya asaimenti, saa moja baadaye imezunguka, kila mtu anabadilisha maneno kidogo na kutuma. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kazi za mtandaoni nilikuwa napata 26 kati ya 30, nikajiona nimefika. Mtihani ambao tunaufanyia ukumbini, kalamu na karatasi, ndio wenye alama 70, na huko hakuna kikundi. Kuna uniti nilipata 19.

Tulichofanya baadaye, tulijitoa watu watano, wote tunaokaa upande wa Kasarani na Roysambu. Kila Jumatano saa 2 usiku tunapigiana simu ya pamoja. Kanuni ni moja, kila mtu anafundisha kitu kimoja cha wiki bila kusoma noti, na wenzake wanamuuliza hadi akwame. Asaimenti hatuonyeshani kabla ya kutuma. Katika hao watano, ninayemshukuru zaidi ni binti mmoja anayeuliza "kwa nini" mara tatu mfululizo. Ilikuwa inaniudhi. Sasa nikisoma namsikia kichwani.

Kuhusu WaRongai na stima: router ya nyumbani ikizimika, simu yenye chaji bado ina mtandao. Weka bando dogo la akiba ambalo huligusi kwa jambo lingine lolote, na usianze CAT (jaribio la muhula) ya mtandaoni chaji ikiwa chini ya nusu. Ukikatika katikati, piga picha ya skrini hapohapo ikionyesha saa, umtumie mhadhiri usiku huohuo.

#9 WaRongai
Jumatatu, saa 3:02 usiku

Nimeandika yote kwenye daftari. Swali la mwisho: siku ile ya darasani nifanye nini, kama noti zote ziko mtandaoni? Rafiki yangu ananiambia kwenda ni kupoteza nauli.

#10 MamaWaUmoja
Jumanne, saa 11:35 alfajiri

Asikudanganye. Lakini kweli ukienda kuandika noti ambazo tayari unazo, umepoteza nauli. Mimi muhula wa kwanza ndivyo nilivyofanya.

Sasa naenda na karatasi moja, mbele na nyuma, yenye maswali ya wiki mbili. Kila nikikwama alfajiri naandika hapo, siachi kusoma, naendelea. Kufikia Jumamosi yanakuwa kama kumi, na nusu yake nimeshayajibu mwenyewe njiani. Yaliyobaki ndiyo naenda nayo. Mengine namuuliza mhadhiri mapumzikoni, mengine mwenzangu wa kiti cha pili ambaye ni karani wa bandari ya nchi kavu na anajua kwa vitendo mambo ya forodha ambayo mimi nayasoma tu. Siku hiyo ndiyo pekee ninayoweza kumwona mtu akichora kwenye ubao, akakosea, akafuta, akachora tena. Hilo rekodi haikupi vilevile.

Na fika mapema upakue.

#11 AskariWaZamu
Jumatano, wiki mbili baadaye, saa 3:25 asubuhi

Narudi hapa kwa sababu mlinijibu kama ndugu. Nimebaki na uniti tatu, ofisi ilikubali bila maneno mengi. Nimewaandikia wahadhiri wote watatu, wawili wamejibu, mmoja amenipa namba ya kikundi cha wanaofanya kazi usiku, kumbe tuko tisa darasani na hatukuwa tunajuana.

Yunifomu imefanya kazi siku tisa kati ya kumi na nne. Siku tano sikuweza. Siku mbili kati ya hizo nililala na buti miguuni. Lakini ya sita nilirudi, na zamani ratiba ikivunjika siku moja nilikuwa siirudii tena. Nimepata saa 17 kwa wiki mbili.

Asaimenti ya kwanza ya sera za jamii ilikuwa mwisho Ijumaa 00:00. Nimeituma leo saa 3 asubuhi, ujumbe wa kupokelewa nimeupiga picha. Sasa nalala, naingia saa 12.